Kabla ya Kudai Asilimia, Bondia Aulize Ni Asilimia ya Fedha Zipi

Mabondia wa Arusha na Moshi wanaoniletea mikataba yao niwasomee kabla hawajasaini huwa na dai linalofanana: walipwe nusu kwa nusu na mpinzani, kwa kuwa ngumi zitakazowapata ulingoni ni zile zile. Nalielewa dai hilo na ninaliheshimu, maana anayelitoa ndiye atakayerudi nyumbani na jicho lililovimba. Hata hivyo, katika ngumi za kulipwa fedha hazifuati maumivu, wala hazifuati ubora peke yake. Humfuata yule ambaye watu wako tayari kutoa hela mfukoni ili wamwone, na bondia asiyelijua hilo huingia kwenye mazungumzo akiwa ameshapoteza nusu ya haki yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Floyd Mayweather. Mei 5, 2007 alipopanda ulingoni jijini Las Vegas dhidi ya Oscar De La Hoya, hakuwa amepoteza pambano hata moja, na usiku ule majaji wawili kati ya watatu walimpa ushindi. Pamoja na hayo, yeye alilipwa takriban dola milioni 25, ilhali De La Hoya aliyeshindwa alipata takriban dola milioni 52. Pambano lile liliuzwa kwa mfumo wa PPV, yaani mtazamaji hulipia pambano moja badala ya kulipia king'amuzi kwa mwezi, na wanunuzi wapatao milioni 2.4 walivutwa kwa sehemu kubwa na jina la De La Hoya. Mayweather alikubali sehemu ndogo ya kapu kubwa, akautumia usiku ule kujitambulisha kwa watazamaji wa mwenzake, na miaka minane baadaye, alipokutana na Manny Pacquiao Mei 2, 2015, ndiye aliyechukua asilimia 60.

Pambano hilo la pili lina somo ambalo kila kijana anayesaini mkataba anapaswa kulijua. Mwaka 2012 Mayweather alimpa Pacquiao ofa ya dola milioni 40 taslimu, bila sehemu yoyote ya mauzo ya PPV. Pacquiao alikataa, ingawa milioni 40 ni fedha ambazo mabondia wengi duniani hawataziona maisha yao yote. Mwaka 2015 alikubali asilimia 40, pambano likanunuliwa mara milioni 4.6 kwa bei iliyokaribia dola 100 kwa kila mnunuzi, naye akapata zaidi ya dola milioni 100. Hakupewa nusu, lakini alipata zaidi ya mara mbili ya zile fedha taslimu. Ndiyo maana ninapoona mkataba wenye kiasi kimoja tu kisichobadilika, humwambia bondia kwamba ongezeko lote la mauzo limeachwa upande wa pili wa meza, hata kama kiasi chenyewe kinapendeza.

Asilimia bila kianzio cha uhakika nayo ni hatari, pengine hatari zaidi kwetu. Muhammad Ali na George Foreman walipokwenda Kinshasa mwaka 1974, kila mmoja alikuwa amehakikishiwa dola milioni 5, na Ali alipewa sawa na bingwa ingawa yeye ndiye aliyekuwa mpinzani, kwa sababu jina lake liliuza kuliko mkanda. Bondia wetu naye adai vyote viwili: kiasi ambacho atalipwa hata ukumbi ukiwa mtupu, na asilimia ya kila shilingi inayozidi kiwango mlichokubaliana.

Sasa, asilimia ya fedha zipi? Hapa ndipo nimeona vijana wengi wakiumizwa. Promota mmoja, ambaye sitamtaja, alimwahidi bondia wa hapa Arusha asilimia 40 ya faida, na kijana akafurahi kwa sababu namba ilikuwa kubwa. Siku ya hesabu zikaletwa karatasi za ulingo wa kukodi, muziki, mabango, hoteli ya waamuzi na mafuta ya magari, na faida ikawa sifuri, japokuwa ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Asilimia 10 ya viingilio vyote kabla ya makato ingemlipia kodi ya nyumba. Hata Las Vegas makato ni mengi: kampuni zinazorusha pambano kwenye televisheni huweza kuchukua karibu nusu ya mauzo ya PPV kabla ya promota kugusa chochote, kisha kwenye fungu la bondia huja meneja, ambaye sheria za Nevada humruhusu kuchukua hadi theluthi moja, kocha ambaye kwa desturi hupata asilimia 10, chama chenye mkanda kinachotoza takriban asilimia 3, na kwa mgeni kuna kodi ya Marekani ya asilimia 30. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyopewa jina la Muhammad Ali inamtaka promota amweleze bondia kiasi anachokipata kutokana na pambano. Usisubiri sheria ikusaidie: andika kwenye mkataba kwamba utaonyeshwa hesabu za tiketi, za wadhamini na za televisheni, na nakala moja ipelekwe TPBRC, chombo kinachosimamia ngumi za kulipwa nchini.

Nguvu ya kuvuta watu nayo inahitaji ushahidi, na wafuasi wa mtandaoni si ushahidi. Asubuhi ya Mei 3, 2015, kwa saa za kwetu, kibanda umiza cha Ngarenaro kilijaa vijana waliokuja kumtazama Pacquiao, na hakuna hata shilingi moja ya kiingilio kile iliyofika kwenye kapu la Pacquiao. Anayekupenda bila kulipa mahali fedha zako zinapohesabiwa hakuongezei chochote mezani. Kwa sababu hiyo, bondia mmoja wa Pasua, Moshi, anayejipatia riziki kwa bodaboda, nilimshauri aweke alama ya kalamu nyekundu nyuma ya kila tiketi atakayouza, kisha asimamishe mtu mlangoni wa kukusanya vishina vya tiketi. Alikuwa amepangwa katika mapambano ya utangulizi kwa malipo ya kusikitisha. Vishina vilipomwagwa mezani, vyenye alama nyekundu vilikuwa vingi kuliko vya bondia wa pambano kuu. Promota hakumpa kila alichoomba pambano lililofuata, lakini hakumwita tena bondia wa kujazia ratiba.

Mgao usio sawa unaweza kuwa wa haki endapo jumla inajulikana. Januari 2022, mnada wa kuandaa pambano la Tyson Fury na Dillian Whyte ulifikia dola 41,025,000, asilimia 10 ikatengwa kwa mshindi, na iliyobaki WBC, chama cha ngumi chenye mkanda uliokuwa ukigombewa, kikaigawa asilimia 80 kwa Fury na 20 kwa Whyte. Whyte alikwenda Wembley akijua kwamba hata akishindwa ana dola 7,384,500, kila mtu akiwa ameziona hesabu hizo.

Kwetu televisheni hulipiwa kwa mwezi, na hata Marekani mambo yanabadilika: pambano la Canelo Alvarez na Terence Crawford la Septemba 2025 lilirushwa Netflix bila PPV. Mahali ambapo kituo kinamlipa promota kwa jumla, bondia adai kujua kiasi hicho kabla ya kusaini, maana baadaye hakutakuwa na idadi ya wanunuzi ya kuthibitisha thamani yake.

Kifungu cha mwisho ninachokitazama ni cha mapambano yajayo. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham, wengi wa ukumbini wakiwa hawamjui, akamsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili, na thamani ya jina lake ikabadilika usiku ule ule. Bondia aliyefungwa kwa mapambano kadhaa kwa bei ya zamani hawezi kunufaika na usiku wa namna hiyo. Kwa hiyo iandikwe kwamba akishinda, mgao wa marudiano utajadiliwa upya, au asilimia mpya itajwe kabisa. Ni mistari miwili tu, na hupatikana kwa urahisi zaidi mapema, wakati promota bado anaihitaji picha yako kwenye bango.