Posti ya wizara na muhuri wa Tunduma: niliyoyaona 2020

Mkuu, umeuliza wizara za mambo ya nje zinapata nini kuposti mitandaoni wakati wa magonjwa ya mlipuko, na kama hiyo nayo ni diplomasia au ni picha tu. Umesema uko Iringa, unaandika utafiti wa chuo. Wasomi watakujibu kisomi. Mimi nilikuwa mpanga safari za malori, yadi yetu ikiwa Uyole, Mbeya, na mwaka 2020 nilijikuta nasoma kurasa za wizara kwa bidii ambayo hata fomu foo sikuwa nayo.

Tarehe 9 Mei 2020 Zambia walitangaza wagonjwa wapya 85 wa korona, 76 kati yao wa Nakonde, yaani ng'ambo tu ya geti letu la Tunduma. Kesho yake Rais Lungu akatangaza kuwa mpaka wa Nakonde unafungwa kuanzia Jumatatu tarehe 11. Sisi tulikuwa na gari nne: tatu zimebeba sulfa ya kwenda migodini Congo, moja dagaa wa Mwanza wa kwenda Lubumbashi. Sulfa haiozi. Lakini dagaa ukiwafunika turubai siku nyingi kwenye baridi na umande wa huku, wanaanza kurudisha unyevu, na harufu inabadilika kutoka ile ya biashara kwenda ile ya hasara.

Katikati ya hiyo presha ikaingia skrinshoti kwenye grupu la WhatsApp. Posti ya wizara moja, sitaji ya upande gani, yenye picha ya wakubwa wamekaa mbalimbali na barakoa zao, na chini yake maneno kwamba pande mbili "zimekubaliana kurahisisha upitishaji wa mizigo". Bosi akaniambia toa gari. Nikampigia dereva wa dagaa, mzee wa Ileje aliyeijua hiyo barabara kabla mimi sijazaliwa, akaondoka Uyole jioni. Usiku akakuta mkia wa foleni uko Mpemba, kabla hujafika Tunduma. Asubuhi akatembea kwa mguu hadi getini, akamwonyesha afisa ile posti kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Yule afisa aliisoma mpaka mwisho, akamrudishia simu, akamwambia, "Mzee, hizi ni habari njema. Mimi nasubiri barua."

Mzee akanipigia. "Mwanangu, huku hakuna Twitter. Huku kuna afisa na muhuri."

Tangu siku hiyo nikisoma posti ya wizara naangalia kitenzi kwanza. "Wamekubaliana", "wamesisitiza", "wamepongezana", "wameahidi kuendeleza ushirikiano": hapo ujue barua bado haijaandikwa, au imeandikwa na haijafika. Ukiona "kuanzia saa sita usiku", ukaona cheti gani kinatakiwa, kimetolewa na nani na kinadumu siku ngapi, hapo toa gari. Posti za namna hiyo hazina picha nzuri na hazipati watu wa kupenda, ila ndizo zilizonilisha mwaka ule.

Sasa kosa langu lilikuwa kudhani ile posti ilinilenga mimi. Haikunilenga. Ilikuwa inaongea na serikali ya upande wa pili, inaongea na wananchi wa nyumbani waone wakubwa hawajalala, na pengine na wafadhili wanaopita kuchungulia. Mwenye lori alikuwa mtu wa nne kwenye foleni. Ukishalijua hilo, mambo mengi ya miaka ile yanasomeka.

Chukua Guangzhou, jiji la China, Aprili 2020. Video za Waafrika waliotolewa kwenye nyumba walizopanga zilienea simu hadi simu, na kabla wiki haijaisha wizara zilikuwa zimebanwa na raia wao wenyewe. Nigeria, Spika wa Bunge, Gbajabiamila, akamwita Balozi wa China ofisini kwake, na video ya mazungumzo yao ikawekwa mtandaoni. Tarehe 11 Aprili Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, Moussa Faki, akaandika Twitter kwamba ofisi yake imemwita balozi wa China na kumweleza wasiwasi mkubwa. Zamani mambo hayo yalifanyika chumbani, mlango umefungwa, na mwananchi akapewa sentensi mbili kwenye taarifa ya habari. Safari hii balozi alikaripiwa ili Lagos waone, na wizara ya China nayo ikalazimika kujibu hadharani. Hiyo naiita diplomasia, tena iliyofanya kazi, kwa sababu moto ulianza kwa watu na wizara zikafuata.

Kinyume chake ni ule mwezi wa tatu, pale msemaji wa wizara ya China, Zhao Lijian, alipoandika Twitter kwamba huenda jeshi la Marekani ndilo lililopeleka ugonjwa Wuhan, na siku chache baadaye Trump naye akaandika "virusi vya China". Hapo hakuna aliyepata dawa wala barakoa. Walikuwa wanawachezea mashabiki wao wa nyumbani.

Ila kituko ninachokipenda mimi ni cha India, Mei 2021, oksijeni ilipoadimika Delhi. Vijana wa chama cha upinzani cha Congress wakapeleka mitungi ubalozi wa Ufilipino, mwanasiasa wao mmoja akauliza Twitter kama wizara imelala. Waziri wa Mambo ya Nje wa India, Jaishankar, akamjibu mwenyewe, palepale, kwamba ubalozi ule haukuwa na mgonjwa wa korona na mitungi ile haikuombwa. Kesho yake ubalozi wa New Zealand ukawaandikia hadharani haohao vijana ukiomba mtungi haraka, kisha ukafuta, kisha ukaomba radhi. Jirani anaomba chumvi dirishani kwa mtoto aliyegombana na baba mwenye nyumba! Kama unatafuta mfano mmoja wa jinsi posti ya mistari miwili inavyoweza kumvua nguo mwenyeji wako, tumia huo.

Kwetu nako yalikuwepo. Mei 2020 ubalozi wa Marekani ulitoa tahadhari kwa raia wake kwamba hatari ya kuambukizwa Dar es Salaam ni kubwa mno, na kabla mwezi haujaisha wizara yetu ikamwita Kaimu Balozi wao kutoa maelezo. Miezi 14 baadaye, tarehe 24 Julai 2021, uwanja wa ndege, Waziri wetu wa Mambo ya Nje wakati ule, Mulamula, na Balozi wa Marekani wakapokea pamoja dozi 1,058,400 za chanjo ya Johnson & Johnson. Picha zilizagaa kila mahali. Ziweke hizo mbili pamoja kwenye utafiti wako, zinajieleza.

Kuna jambo moja linaniuma mpaka leo. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini walitangaza mapema Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, na Uingereza ikaziweka nchi sita za kusini mwa Afrika kwenye orodha ya kufungiwa safari. Wizara ya mambo ya nje ya Afrika Kusini ikajibu kwamba sayansi bora inastahili kupongezwa, siyo kuadhibiwa. Maneno hayo yalisambazwa sana na yalikuwa ya haki kabisa, lakini orodha ile haikufutwa mpaka 15 Desemba, Omicron ikiwa tayari imeshajaa London. Nchi nyingine zilikuwa zinaangalia. Unafikiri zilijifunza kutangaza haraka, au kunyamaza?

Januari 2025 WHO walipotaja washukiwa wa ugonjwa wa Marburg Kagera, wizara ya afya ikasema vipimo havikuonyesha ugonjwa huo, halafu tarehe 20 Rais Samia akathibitisha akiwa Dodoma pamoja na Tedros, mkuu wa WHO. Katika hizo siku za katikati mteja wangu wa Kitwe, Zambia, aliniandikia, "Kaka, ninyi mna Marburg au hamna?" Nilikuwa kilomita nyingi na Kagera, na sikuwa na cha kumjibu zaidi ya kumtumia viungo viwili vinavyopingana.

Kwa hiyo mdogo wangu, usihesabu "likes". Chukua posti, andika saa iliyowekwa, halafu tafuta barua au waraka wa jambo hilohilo ulitoka lini na ulifika getini lini. Na usitegemee X, ile iliyokuwa Twitter, peke yake. Tangu Mei 2025 hapa kwetu haifunguki kirahisi, mabalozi wanaongea huko na wanaotakiwa kusikia wako WhatsApp.

Geti la Nakonde lilianza kupitisha mizigo kwa utaratibu baada ya siku chache. Nilijua kwa simu ya yule mzee, saa kumi alfajiri, sauti ya injini nyuma: "Nasogea." Magunia 40 ya dagaa yalikataliwa Lubumbashi. Skrinshoti za kipindi kile bado ninazo zote, ukizihitaji njoo inboksi.