Nyoka wa nyuma ya tenki: ziba koki kwanza, fimbo baadae

Masika ya mwaka jana hapa kwetu Muheza niliua nyoka watatu ndani ya wiki mbili, wote palepale nyuma ya tenki la maji. Wadogo, hata mita hawafiki, mgongo mweusi mweusi wenye vidoadoa vyeupe, mdomo wa juu mweupe. Ukimsogelea anakitandaza kichwa kinakuwa bapa kama kifutu, anapuliza, anakurukia, sasa hapo nani anasubiri? Nikapiga.

Kumbe mikwara tu jamani. Huyu yuko kwenye kundi la Crotaphopeltis, la Afrika tu, sumu yake kidogo na meno yenyewe yako nyuma mdomoni, kazi yake kumlegeza chura. Wanapenda unyevu: kandokando ya bwawa, mpunga, chini ya magogo na matofali, usiku ndo wanatoka kuwinda. Wana ndugu yao anaitwa tornieri anaishi misitu ya milimani, huko juu Usambara na Uluguru.

Kwa hiyo tatizo langu halikuwa nyoka, ilikuwa koki inayovuja miezi sita nasema kesho kesho, pakawa dimbwi, vyura wakahamia wanapiga kelele usiku kucha, na nyoka akafata msosi wake. Nimebadilisha koki, nikahamisha matofali, nikafyeka nyasi, vyura wakapungua na wageni wakapungua.

Ila usije ukasema fulani kaandika hawa hawana shida ukaanza kuwashika! Meno ya nyuma siyo kibali, bumslangi, yule nyoka wa mitini mwenye sumu kali, naye anayo nyuma na mwaka 1957 kule Chicago alimuua mtaalamu wa nyoka kabisa, Karl Schmidt, tena bumslangi mwenyewe mtoto. Na kuna vile vinyoka vyeusi vyembamba vya ardhini vinavyochoma kwa jino la pembeni mdomo ukiwa umefungwa, kwahiyo ile staili ya kumbana shingoni haikusaidii. Ukiumwa na yeyote vua pete na saa, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, tuliza kiungo na nenda hospitali hata kama una uhakika ni yupi.

Wa nne alikuja mwezi wa tano. Nikaita watoto ndani nikamwacha apite zake, akaingia mtaroni. Mama watoto hajanielewa mpaka leo, kila jioni kabla ya kuchota maji anamulika tochi huko nyuma ya tenki, na fagio mkononi.