Pampu inaunguruma asubuhi lakini haivuti maji

Salaam mkuu. Umesema pampu yako hapo Mbezi ukiijaza maji inavuta vizuri hadi jioni, ila kesho yake inaunguruma tu. Usikimbilie kununua nyingine. Maji yanarudi kisimani usiku.

Anza na valvu ya chini, ile yenye chujio kwenye ncha ya bomba la kuvutia, inayozuia maji yasirudi kisimani. Zima umeme, fungua kizibo cha juu ya pampu, jaza maji mpaka mdomoni, subiri nusu saa. Yakishuka, itoe hiyo valvu: mara nyingi ni mchanga umekwama au mpira umechoka. Ukikuta ni nzima, kagua yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguliwa kwa kuzungusha) na maungio yote ya upande wa kuvuta. Hapo pampu ikizunguka hewa huingia bila tone kuonekana nje, ndiyo maana hata fundi anaweza asipaone. Funga upya kwa tepu nyeupe ya mafundi bomba.

Tafadhali sana, usiiache izunguke kavu, sili (kizuizi cha maji kwenye mhimili wa pampu) inaungua.

Pia pima kina, hukukitaja. Uso wa maji ukishuka zaidi ya mita 7 chini ya pampu, hasa kiangazi, utahitaji pampu ya kuzamisha.