Ngoma ikibuma nje ya mipaka: mambo ya kukagua kabla ya kumlaumu msanii

Agosti 2003 mwimbaji wa Uingereza Robbie Williams alipiga shoo tatu mfululizo Knebworth, Uingereza, mbele ya watu 375,000. Mwaka mmoja nyuma kampuni ya rekodi ya EMI walikuwa wamemsainisha mkataba uliotangazwa kuwa wa pauni milioni 80. Wimbo wake "Angels" kwao unaimbwa harusini na misibani. Marekani? Uliishia nafasi ya 53 kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya huko, na "Millennium", uliokuwa namba moja Uingereza, ukaishia nafasi ya 72. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba kuishi Los Angeles kulimfaa kwa sababu hakuna aliyemjua.

Mashabiki wakisikia habari kama hii hukimbilia neno kipaji, au wanasema Wamarekani hawana masikio. Achana nayo. Kama wewe ni meneja unayetaka kuvusha msanii wako kutoka Dar au Nairobi, ukiamini kipaji ndiyo sababu utatumia fedha mahali pasipo na tatizo.

Tazama "She Loves You" ya Beatles. Capitol, kampuni ya Marekani iliyokuwa mali ya EMI yenyewe, ilizikataa nyimbo zao za mwanzo. Wimbo huo ukatolewa Marekani Septemba 1963 na lebo ndogo iitwayo Swan, ukapita kimya. Miezi michache baadaye, rekodi ileile, bila kubadilishwa noti, ikawa namba moja. Kilichobadilika ni kwamba Capitol walikubali hatimaye kuubeba wimbo mwingine, "I Want to Hold Your Hand", wakatoa bajeti, na tarehe 9 Februari 1964 vijana wakaonekana kwenye kipindi cha TV cha Ed Sullivan mbele ya watazamaji wapatao milioni 73. Hapo hata Swan wakala matunda ya kazi ya jirani.

Kwa hiyo swali la kwanza ni nani anaisukuma ngoma kule. Lebo kuwa na ofisi nchi fulani hakumaanishi ofisi hiyo inawajibika kwako. Ofisi ya nchi ina malengo yake ya mwaka na wasanii wake wa nyumbani, na wimbo uliotumwa na wenzao wa bara jingine ni barua pepe moja kati ya nyingi. Kwenye mkataba weka kifungu cha kila eneo: wimbo usipotolewa rasmi nchi fulani ndani ya siku 90 au 120 baada ya kutoka nyumbani, haki za eneo hilo zinarudi kwako. Uliza jina la mtu atakayeshughulika na wimbo, uliza bajeti ya nchi ile ni kiasi gani, halafu uliza itakatwa kwenye mfuko wa nani. Mara nyingi inakatwa kwenye mapato ya msanii, kwa hiyo una haki ya kuona risiti.

Redio ndiyo iliyomkwamisha Robbie kuliko kitu kingine. Uingereza ina BBC Radio 1 inayosikika nchi nzima. Ikikupiga mara kadhaa kwa siku, kufikia Ijumaa bibi na mjukuu wote wamekusikia. Marekani hakuna kitu kama hicho. Kuna maelfu ya stesheni, na kila moja imechagua kabila lake: roki, kantri, R&B, pop ya vijana. Msimamizi wa muziki huongeza nyimbo chache tu kwa wiki, na anauliza kwanza kama wimbo unakaa vizuri kati ya ule uliotangulia na ule unaofuata. Kwa stesheni za roki Robbie alikuwa mlaini mno. Kwa stesheni za pop za 1999, zilizojaa Backstreet Boys na Britney Spears, alikuwa jamaa mwenye kejeli ambaye nusu ya utani wake ilitaka ujue alivyoachana na kundi lake, Take That, mwaka 1995. Wamarekani wengi walikuwa wanaijua Take That kwa wimbo mmoja tu, "Back for Good".

Kujaribu kama wimbo wako unakaa redioni ni rahisi na hakuna gharama. Chagua stesheni moja au orodha moja maarufu ya nchi unayoilenga. Sikiliza saa nzima, uandike kila wimbo: sauti ya mwimbaji inaingia sekunde ya ngapi, urefu, kasi ya biti, lugha. Kisha chomeka wimbo wako katikati ya nyimbo mbili za pale, kwa sauti ileile, usikilize bila kujipendelea. Ngoma nyingi za kwetu huangukia sekunde 30 za mwanzo: jina la prodyuza, jina la studio, salamu kwa bosi, ndipo wimbo uanze. Nyumbani tumezoea. Mtu asiyekujua keshabonyeza wimbo mwingine.

Tengeneza kifurushi kamili mapema: toleo safi lisilo na matusi, toleo ambalo sauti inaingia kabla ya sekunde ya 15, biti peke yake, sauti peke yake, na toleo la madijei lenye baa (vipimo vya mapigo) 8 au 16 za biti mwanzoni. Yote yawe WAV ya 24-bit, yaani faili la sauti lisilobanwa. MP3 iliyozunguka WhatsApp mara nne haifai redioni hata ukiituma kama dokumenti, kilichopotea kilishapotea.

Mlango wa redio unafunga pande zote mbili, isidhaniwe ni shida ya Waingereza pekee. Garth Brooks, mwimbaji wa kantri wa Marekani, ana mauzo ya albamu zaidi ya milioni 150 yaliyothibitishwa Marekani, lakini Uingereza hajawahi kuingiza wimbo kwenye kumi bora. Vuka bahari ndogo hadi Ireland, ambako kantri ina mizizi ya vizazi, na mwaka 2022 alijaza Croke Park usiku tano. Mkenya hahitaji kuelezwa hili. Jim Reeves, Kenny Rogers na Don Williams wana mashabiki hadi vijijini Kenya, maana redio ziliwazoesha watu sauti hiyo kwa miaka mingi. Vuka Namanga uone mapenzi hayo yanavyopungua.

Jina nalo linaangusha watu. Suede, bendi iliyotikisa Uingereza mwaka 1993, ililazimika kuitwa The London Suede Marekani kwa sababu kulikuwa na mwimbaji aliyekuwa akitumia jina hilo tayari. Leo tatizo limehamia mtandaoni: ukiitwa jina moja fupi la kawaida, nyimbo zako zitatua kwenye ukurasa wa msanii wa Brazili na zake kwako. Tafuta jina lako Spotify, Apple Music, YouTube na Boomplay kabla ya wimbo wa kwanza kutoka. Ukishalichagua, liandike vilevile kila mahali, herufi kwa herufi. Na ukihama msambazaji, hama na ISRC zako, ile namba ya herufi na tarakimu 12 ya kila rekodi. Ukipewa namba mpya, hesabu ya wasikilizaji inaanza sifuri na wimbo unatoka kwenye orodha zote ulizoingia.

Kuhusu lugha, ushauri unaosikika kila siku ni "imba Kiingereza utoboe". Historia haikubaliani nao sana. Kyu Sakamoto alishika namba moja Marekani kwa wiki tatu mwaka 1963 akiimba Kijapani mwanzo hadi mwisho. Walichobadilisha ni kichwa cha wimbo tu, wakauita "Sukiyaki", jina la chakula, kwa vile mtangazaji angeweza kulitamka. Utada Hikaru, ambaye albamu yake ya 1999 iliuza zaidi ya nakala milioni 7 Japani, alikwenda Marekani 2004 na albamu nzima ya Kiingereza. Ikafika nafasi ya 160 kwenye chati ya albamu. Davido alisaini na Sony 2016, akatoa EP (albamu fupi) yenye ladha ya kuwafurahisha wageni, na nyumbani watu wakanung'unika. Mwaka uliofuata alirudi kwenye sauti ya Lagos na "If" na "Fall", na "Fall" ndiyo iliyokuja kupigwa redio za Marekani. Kiswahili chako kiache. Badilisha kichwa cha wimbo kama hakitamkiki, na hakikisha kiitikio kina neno moja ambalo mtoto wa Lisbon anaweza kulirudia.

Sasa kolabo, mahali fedha nyingi zinapozama. Diamond Platnumz alifanya kazi na Wamarekani Ne-Yo na Rick Ross mwaka 2017, Omarion 2018. Nyumbani zilivuma, lakini hakuna hata moja iliyoingia Hot 100. Kolabo iliyomfungulia mlango kweli ilikuwa ya jirani, remix ya "Number One" na Davido mwaka 2014, iliyompeleka Nigeria. Mgeni mkubwa analipwa kwa ubeti wake na siku moja ya video, basi. Lebo yake haina sababu ya kuutangaza wimbo usio wake, na mashabiki wake wakija hawakuti wimbo wa pili wa kuwashika.

Angalia waliofanikiwa walivyopanga tarehe. "Calm Down" ya Rema ilitoka Februari 2022, ikatembea yenyewe miezi sita, ndipo Selena Gomez akaingia Agosti. 2023 ikafika nafasi ya tatu kwenye Hot 100. "Essence" ya Wizkid na Tems ilikuwa na karibu miezi kumi wakati Justin Bieber anaongezwa. Remix ni kuni kwenye moto unaowaka. Diamond mwenyewe alikuja kuucheza mchezo huu vizuri na "Komasava": kwanza watu wacheze, Jason Derulo aje baadaye, 2024. Kama mgeni anataka malipo kabla wimbo haujaonyesha dalili yoyote nchini kwake, subiri.

Dalili zenyewe zisome kwa makini. Fungua Spotify for Artists na YouTube Studio, tazama miji. Ukiona Muscat au Minneapolis usipige vigelegele bado. Huenda ni watu wetu. Shuka hadi sehemu ya wasanii wengine wanaosikilizwa na mashabiki wako: wakiwa wote ni wa Bongo na Nairobi, hao ni ndugu zako walioko ughaibuni. Wathamini, watajaza ukumbi, ila usiipigie lebo simu kusema Oman imekubali. Wakianza kujitokeza majina ya wasanii wa kule, hapo kuna kitu. Wimbo unaofuata uwasilishe kwa wahariri wa Spotify wiki tatu au nne kabla. Chini ya siku saba unakosa hata orodha ya matoleo mapya ya wafuasi wako, na ukishatoka dirisha limefungwa.

Halafu vibali. The Kinks, bendi ya Uingereza, walizuiwa kupiga shoo Marekani kuanzia 1965 hadi 1969 na chama cha wanamuziki wa huko, miaka ileile bendi za Uingereza zilipokuwa zinavuna. Kwa msanii wa leo, shoo ya kulipwa Marekani inataka viza ya P au O, zile za wasanii, na ombi linafunguliwa na mwajiri au wakala wa kule kwa fomu I-129, likiambatana na mikataba, ratiba ya shoo na ushahidi wa umaarufu. Anza miezi sita kabla, na kila dansa na mpiga ngoma aingizwe kwenye orodha kwa jina lililo kwenye pasipoti, si la jukwaani. Promota akikuambia uje na viza ya matembezi mtalipana mkononi, tafuta promota mwingine.