Mawasiliano mapya kwenye ndege ya kamandi: anza na nyaya, redio zitakusubiri

Salaam wadau. Wiki iliyopita kuna mdogo wetu mmoja huku Marekani kanipigia, kapata ajira kwenye kampuni inayofunga mitambo mipya ya mawasiliano kwenye ndege za kamandi za jeshi, zile ambazo vituo vya chini vikipigwa basi wakubwa wanaendelea kutoa amri wakiwa hukohuko angani. Swali lake lilikuwa, "Kaka, nianze kusoma redio ipi?" Tumeongea karibu masaa mawili, nikaona yale niliyomwambia niyaweke hapa na wengine wapate.

Mimi ni fundi wa avioniksi, yaani mitambo ya umeme na elektroniki ya ndege, miaka mingi nimelala chali chini ya sakafu za ndege za zamani. Ndege nilizoshika mwenyewe sitazitaja wala vilivyomo ndani, kazi hizi zina kiapo, na wewe ukiingia huko liheshimu hilo kuanzia siku ya kwanza. Nitatumia mifano ambayo iko wazi kwa kila mtu.

Chukua E-4B, ndege ya kamandi ya jeshi la anga la Marekani. Ziko 4 tu, kambi yake ni Offutt kule Nebraska, mwili wake ni Boeing 747-200 na zilianza kuingia jeshini miaka ya 70. Au E-6B ya jeshi la majini, ziko 16, mwili wake umetokana na Boeing 707, makao yake ni Tinker, Oklahoma. Sasa ndege ya namna hiyo kila baada ya miaka kadhaa inaletewa mtambo mpya wa setilaiti, redio mpya, kompyuta mpya, kila timu inafunga chake inaondoka, na waya wa zamani mara nyingi unakatwa kichwa tu unaachwa humohumo maana kuuvuta ni kufungua nusu ya ndege. Ukifunua sakafu unakuta kifungu cha nyaya kinene kama paja, unahesabu nyaya ambazo kwenye mchoro hazipo, na zilizopo kwenye mchoro zimepita upande mwingine kabisa. Mliowahi kufanya wayaringi kwenye nyumba za zamani ambazo kila mpangaji alileta fundi wake mnanielewa.

Kwa hiyo kabla hujagusa redio mpya omba siku za kuikagua ndege yenyewe, mchoro mkononi, paneli moja moja, na uandike kilichopo. Bosi atakwambia ratiba imebana. Omba tena.

Niliwahi kuwa sehemu moja ambapo tuliambiwa michoro ipo, fungeni. Tukafunga redio ya setilaiti, kwenye benchi ilipita majaribio yote vizuri kabisa, tukaiwasha ndani ya ndege, aisee kila ikianza kurusha basi kwenye hedifoni za watu wa HF (redio za kuongea mbali bila setilaiti) unaingia mlio kama nzi kafungiwa kwenye chupa. Tukabadilisha redio, tukabadilisha kebo ya antena, tukabadilisha filta, siku 11 zikapita. Mwisho mzee mmoja, fundi wa mabati wala sio wa umeme, ndo akauliza, hapa raki ilipokaa mlikwangua rangi? Hatukukwangua. Raki mpya imepakwa rangi vizuri, ikafungwa juu ya bodi ya ndege nayo ina rangi, kwa hiyo athi yake yote (njia ya umeme kwenda kwenye mwili wa ndege) ilikuwa inapita kwenye nyuzi za skrubu. Kipimo cha ukinzani wa umeme kinachotakiwa pale ni miliomu 2.5 au chini ya hapo na sisi hatukuwa tumepima kabisa. Tukakwangua, tukafunga upya, mlio ukaisha palepale. Mpaka leo inaniuma maana ilikuwa ni kazi ya dakika 20.

Baada ya hapo nikajiwekea utaratibu na nakushauri uuchukue: ukishafunga, kila redio irushe peke yake huku zingine zote zinasikiliza, halafu zamu ya inayofuata, mpaka ziishe, na uandike kila unachosikia hata kama ni kidogo. Inachosha sana lakini mwili mmoja wa ndege ukishabeba antena nyingi hivyo, jirani lazima watasumbuana, bora ujue ukiwa hanga kuliko rubani akujulishe. Na kila tundu unalotoboa kupitisha kebo ujue ndege hizi zimekingwa dhidi ya mshtuko wa umeme unaotokana na bomu la nyuklia, sasa tundu lisilozibwa inavyotakiwa ndo mlango wenyewe wa huo mshtuko.

Kingine, vijana wanadharau sana mitambo ya zamani. E-6B inaachia waya nyuma yake wa karibu kilomita 8, inazunguka duara dogo imelala upande ili waya uning'inie kuelekea chini, na inarusha kwa masafa ya chini mno, kilohezi 3 mpaka 30. Ukilinganisha spidi yake na setilaiti utaona ni konokono. Lakini mawimbi ya setilaiti yakifika kwenye maji ya chumvi yanaishia juujuu, haya ya chini yanazama mita kadhaa mpaka nyambizi iliyojificha ikayapata. Ndo maana ile ndege itakayochukua nafasi yake, E-130J, mkataba wake kampuni ya Northrop Grumman waliupata 2024, mwili ni wa ndege ya mizigo C-130J-30, kazi hiyo ya kuongea na nyambizi inaendelea nayo. Kwa hiyo kabla hujaandika "ondoa" kwenye karatasi, uliza hiki kinafanya nini siku setilaiti haipo, na kama nafasi inaruhusu acha cha zamani na kipya viishi pamoja mpaka wanaovitumia waseme wenyewe inatosha.

Umeme, joto na uzito sitaviongelea sana, vitabu vipo. Jua tu humo ndani unakutana na volti 115 za hezi 400 na volti 28 za DC, na boksi jipya dogo linaweza kutoa joto kuliko kabati zima la zamani, kwa hiyo uliza hewa ya kupoza inatoka wapi.

Ila kaa na maopareta, nakuomba. Kaa kwenye kiti chao, vaa hedifoni yao, waulize swichi gani wanaitafuta gizani kwa kidole. Kuna mmoja alinionyesha kitufe tulichokihamisha sentimita chache tu, kilikuwa kinamchelewesha kila mara, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mdogo wetu anaanza Jumatatu. Nimemwambia aombe tochi, kioo kidogo cha kuchungulia nyuma ya raki na mita ya kupima miliomu, simu aache getini, na daftari atumie la hukohuko kazini maana la kwake likishaandikwa humo halitoki tena.