Maswali na majibu: Mshauri nasaha, mwanasaikolojia wa kazi na akili mnemba

Niko kidato cha sita. Nasita kati ya saikolojia ya ushauri na saikolojia ya kazi. Akili mnemba itaanza kula ipi? (Msomaji, Mikindani)

Itaanza na saikolojia ya kazi, tena kwa anayeanza. Mhitimu mpya hupewa kuchambua wasifu wa waombaji, kusahihisha majaribio ya uwezo na kuandika ripoti ya mchujo, na hayo programu huyamaliza kwa dakika chache. Mshauri nasaha atapunguziwa makaratasi tu: ratiba, muhtasari wa kikao, kujumlisha alama. Hata hivyo usiikimbie saikolojia ya kazi. Kwa nini madereva wa kiwandani wanasinzia zamu ya usiku? Jibu halimo kwenye wasifu wao. Linapatikana kwa kukaa nao getini saa nane za usiku. Ukiichagua, jifunze takwimu na usaili wa ana kwa ana mapema.

Dodoso la sonona likisahihishwa na simu, hatari iko wapi? (Muuguzi, Nachingwea)

Tuchukue PHQ-9, dodoso la sonona linalotumika sana: lina maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 5 dalili ni ndogo, 10 za wastani, 15 zinaelekea ukali, 20 ni kali. Kujumlisha simu haikosei. Tatizo ni pale mteja anapopata 8, programu ikaandika "dalili ndogo" na kumshauri alale mapema, kumbe alama moja kati ya hizo imetoka swali la 9, linalouliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Hapo jumla haina kazi tena.

Kwa hiyo soma swali la 9 kabla ya jumla. Likizidi 0, kaeni faragha siku hiyohiyo umuulize: mawazo hayo yanamjia mara ngapi? Amepanga namna? Viuatilifu vya mikorosho vinakaa wapi nyumbani? Kama ana mpango, asiachwe peke yake: mtafute ndugu anayemwamini, avitoe viuatilifu hivyo nyumbani, na umpe rufaa palepale. Angalia pia nani alikuwepo dodoso likijazwa. Sifuri iliyojibiwa mbele ya mkwe si jibu, na simu haimwoni mkwe.

Mwajiri wetu anataka programu ichuje waombaji. Tumshauri nini? (Afisa rasilimali watu, Lindi)

Mwambieni aijaribu kwanza. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba Amazon iliachana na programu ya namna hiyo: ilijifunza kwa wasifu wa zamani, mwingi wa wanaume, ikawa inawashusha wanawake.

Chukueni mafaili 100 ya waombaji mliokwisha kuwaamua, fungieni matokeo, programu iyachuje upya, kisha mlinganishe. Someni kwa mkono kila faili ambalo programu imelitupa na nyinyi mlilipitisha. Huku kwetu tazameni hasa mapengo ya ajira. Kijana anayefanya vibarua vya ghalani msimu wa korosho ataonekana hana kazi miezi mingine yote, na mashine italihesabu pengo hilo kama udhaifu.

Naweza kuandikisha kumbukumbu za wateja kwa programu ya simu? (Mshauri, Masasi)

Kwanza omba ridhaa ya mteja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kufuta jina hakutoshi: "mwalimu mjane wa miaka 43, ana pacha" katika kata ndogo ni sawa na kumtaja. Futa kazi na kata, umri uandike kwa makundi ya miaka kumi. Kisha usome muhtasari wote. Mteja akisema "nafikiri sana", programu inaweza kuandika kwamba anatafakari mipango yake, na kilio kizima kikapotea kwenye faili. Maneno ya mteja yarudishe kama alivyoyasema, ndani ya alama za kunukuu.

Roboti ya mazungumzo inatosha badala ya mshauri? (Msomaji, Newala)

Hapana. Illinois, Marekani, tangu Agosti 2025 sheria inakataza akili mnemba kutoa tiba ya kisaikolojia. Mtaalamu anaruhusiwa kuitumia kwa kazi za ofisini. Itumie kupanga utakayomweleza mshauri. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, funga simu uende hospitali iliyo karibu nawe leo, na uongozane na mtu.