Fundi Akikuambia "Ondoa Shaka"

Kama umewahi kujenga Dodoma, unayajua maneno haya. "Ondoa shaka, mama." "Niko njiani." "Kesho mapema sana." "Imebaki kidogo tu." Mimi nimejenga Nzuguni kwa mshahara na mkopo wa vikoba, nikishinda kazini mjini huku saiti naiona kwa simu. Nimeyasikia yote, mengine kwa siku moja, kutoka kwa mtu yule yule.

"Ondoa shaka" ndilo baya kuliko yote. Unaweza kuwa umekaa zako bila shaka yoyote, ukiambiwa tu uiondoe, inaingia.

Siwalaumu mafundi sana. Tangu mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia hapa, mji huu haujapumzika kujenga. Fundi mzuri hana saiti moja. Ana ya kwako, ana ya mtumishi fulani Iyumbu, ana fremu za maduka Ihumwa, na hataki kumpoteza hata mmoja wenu. Sasa akuambie nini? Akikuambia ukweli kwamba leo haji, utatafuta mwingine. Akikuambia "niko njiani", utasubiri. Neno limefanya kazi yake, aliyechelewa ni wewe.

Kwa hiyo kugomba hakusaidii. Ukigomba atakuomba radhi vizuri mno, na radhi nayo haipandishi ukuta. Nilichojifunza ni kumpa swali dogo ambalo haliwezi kujibiwa kwa neno lile lile. Akisema yuko njiani, usimuulize kama ni kweli. Muulize amefika wapi. Akijibu "napita hapa", muulize hapa wapi. Anayetoka mjini kwa barabara ya Morogoro atakutajia kitu, awe amekwama kwenye foleni au yuko karibu na viwanja vya Nanenane. Asiyekuwa barabarani ataanza kukohoa. Na sikiliza kilicho nyuma ya sauti. Mtu aliye kwenye bodaboda anapigwa na upepo, simu inakoroma. Siku moja wa kwangu aliniapia kabisa kwamba anaingia Nzuguni, na nyuma yake nasikia grenda inakata nondo. Mimi nondo zangu zilikuwa zimeshakatwa zote.

"Imebaki kidogo tu" ina dawa yake: mwambie akuhesabie hicho kidogo. Seremala wangu wa milango aliniimbia wimbo huo mpaka nikamfuata kwenye banda lake. Nikamsalimia, nikaulizia watoto, nikakaa kwenye benchi.

"Fundi, hicho kidogo ni nini na nini?"

"Aa, ni vanishi tu, mama."

"Vanishi. Na nini tena?"

"Na vitasa. Na bawaba."

"Na?"

Akageukia ukutani, akaonyesha kwa mdomo mbao za mninga zilizoegemezwa pale, hazijapigwa hata randa. Kilichobaki kilikuwa ni mlango wenyewe. Lakini kuanzia hapo tulizungumza vizuri, maana sasa tulikuwa na kitu cha kuzungumzia: lini randa, lini fremu, lini anahitaji hela ya vitasa. Niliandika kwenye simu mbele yake, nikamsomea, akaitikia. Hakutimiza yote, ila alipochelewa alinipigia mwenyewe kabla sijampigia.

Angalia mpangilio wa mambo pale: salamu kwanza. Huku kwetu ukiingia na swali kabla ya salamu umeshakosana na mtu, na jibu utakalopewa litakuwa la kukufukuza. Hata kama unachemka, uliza habari za nyumbani.

Kuna kundi la pili la maneno, nalo lina harufu ya mafaili. Mchakato. Changamoto. Tunalifanyia kazi. Maofisini yapo nchi nzima, lakini sisi tulio karibu na Mtumba, kwenye mji wa serikali wenye ofisi za wizara, yametushukia hadi mtaani. Bodaboda anazimikiwa njiani, anakugeukia: "Kuna changamoto ya mafuta." Changamoto gani, kaka? Mafuta yamekwisha! Vikao vya Bunge navyo vimetuachia mabaki. Kwenye kahawa mtu hakatizi mwenzake siku hizi, anadakia "Taarifa!", na anayekubali anasema anaunga mkono hoja. Hayo mimi yananichekesha, yaendelee.

La mchakato halichekeshi, hasa unapofuatilia hati au kibali na mhudumu anakuambia "mchakato unaendelea, utapigiwa". Usiondoke na sentensi hiyo. Uliza kwa upole faili lako liko kwenye meza ya nani, hatua inayofuata ni ipi, na ukirudi umwone nani. Andika cheo na tarehe nyuma ya nakala yako, pale pale, akuone unaandika. Siku ukirudi, anza na ulichoandika: "Niliambiwa tarehe fulani kwamba liko kwa mpima." Utaona watu wanavyoanza kufungua makabati. Na ukiambiwa mtandao unasumbua, ulizia huwa unatulia saa ngapi. Mara nyingi wanajua, na mara nyingi ni asubuhi.

Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" sizihesabu hapa, huo ni wizi. Usijibu, hata kwa matusi. Ripoti kwa 15040, futa, endelea na shughuli zako.

Na yapo maneno ambayo ushauri wangu ni kuyaacha. Shangazi yangu wa Kongwa kila akiniona anapaza sauti mbele za watu: "Umenenepa!" Kwa umri wake na miaka ya njaa aliyoipitia, hiyo ni sifa, anamshukuru Mungu kwa niaba yangu. Namwambia ahsante shangazi, nampokea mzigo. Mfanyakazi mwenzangu akisema hivyo hivyo akiwa ameshika kikombe cha chai na ameninyanyulia nyusi, huyo najua anachosema, naye simjibu. Kumfundisha mtu mzima adabu ni kibarua kisicho na malipo.

Vijana wa maegesho wanaoniita "bosi" na "kiongozi" nao nawaachia. Wanatafuta riziki.

Linabaki moja, "hapa si pabaya". Fundi atalisema akiwa ameegemea ukuta wa lipu, ameinamisha kichwa kidogo, na ukiangalia vizuri ukuta nao umeinama upande huo huo. Hapa maswali hayafai kitu, maana macho yake ndiyo yanayohukumu na ameshatoa hukumu. Nunua pimamaji yako mwenyewe kwenye duka la vifaa vya ujenzi, usiazime ya kwake. Iweke ukutani, nyamaza, mwache asome mwenyewe povu limekimbilia wapi. Na ile hela ya mwisho ibaki kwenye pochi mpaka hapo.